Spana ya Imelda Inalia

Jumatatu, 2 Juni
Imelda wa gereji ya ng'ambo ya barabara, mkabala na yangu, amenunua spana ya kupimia. Nati ya tairi ikishakazwa inavyotakiwa, spana inalia "ka!" naye anaacha. Leo Mzee Zabron, mkuu wa madereva wa hoteli ya watalii hapa Mikumi, kasimama kuisikiliza kama taarabu. Hoteli inatafuta fundi wa magari yake. Kazi hiyo nimeshamwambia mke wangu ni yangu. Nimeumia.

Jumanne, 3 Juni
Kilosa, kusaka spana. Muuzaji alikuwa nazo mbili. Ndefu ni nzito na mlio wake wa aibu aibu. Fupi inalia mpaka kuku wakaruka. Akanionya kuwa fupi ni ya boliti za pikipiki, haifikii nguvu ya nati za gari. Nikamwambia nguvu mteja haioni, mlio anausikia. Nimechukua fupi.

Jumatano, 4 Juni
Mzee Zabron kapita. Nilimwamkia shikamoo mara mbili, akaitikia marahaba moja. Kanipa gari moja la majaribio. Nilifungua matairi yote, nikayarudisha. Ka! Ka! Ka! Jasho halikunitoka hata tone. Imelda alivuka barabara kuniuliza kama nimesoma namba za kwenye mpini. Wivu huo. Nilimjibu mimi nakaza, sisomi.

Alhamisi, 5 Juni
Siku mbaya. Mzee Zabron alinipakia ili tulijaribu lile gari barabara kuu, pale inapopita ndani ya hifadhi. Likaanza kutikisika. Nikasema ni lami. Mara tairi la mbele likatupita, likaingia majanini, likalala karibu na nyati. Mzee akasema aliyelikaza ndiye atakayelifuata. Niliogopa, sifichi. Nyati walinitazama, wakaendelea kula. Askari wa hifadhi alinifokea kwanza, ndipo akanisaidia kulisukuma. Imelda akapigiwa simu. Alikuja na spana yake, akatoa nati moja moja kwenye kila tairi lililobaki, akalifunga tairi langu. Kazi ya hoteli imevuka barabara. Mke wangu bado sijamwambia.

Jumamosi, 7 Juni
Imelda kanionea huruma, kaniita anifundishe. Nimekubali, nia yangu ikiwa kumwibia siri. Alieleza saa nzima: kila gari na namba yake ya kukazia, na nati zikazwe tena gari likishatembea kidogo. Sikusikiliza, nilikuwa naitazama mikono yake. Na siri nimeiona! Kila nati akishamaliza anaitia nukta ya rangi nyekundu. Kumbe wateja wanafuata rangi.

Jumatatu, 9 Juni
Spana nimeiuza, nimenunua kopo la rangi. Mchungaji Samson kaleta gari lake nimbadilishie matairi, kesho anapanda milima ya Vidunda. Nati zote nimezipaka nyekundu, si nukta tu, nzima nzima. Zimependeza kuliko za Imelda. Mchungaji kafurahi, kaniombea baraka. Kukaza niliona ni kurudia kazi.