Kuzunguka Dunia Kupitia Timboroa

Jumapili, 5 Oktoba

Leo nimeagwa rasmi kanisani. Mimi, Wakoli, miaka ishirini na mbili, karani wa kupima mahindi hapa Eldoret, naenda kuzunguka dunia kwa mashua ya matanga. Miezi kumi na mmoja. Mchungaji Oyugi aliniwekea mikono kichwani. Akaombea upepo, akaombea mawimbi, akaomba papa wafungwe vinywa kama simba wa Danieli. Mama alilia vizuri. Nilipewa blanketi, Biblia, sweta tatu na jogoo. Nilijaribu kueleza kwamba jogoo hataruhusiwa mashuani. Nikaambiwa hakuna nahodha wa kukataa jogoo.

Kimeli alikaa mbele na ile jaketi yake ya Uturuki. Huyu ni jirani yetu wa Langas, mwanariadha, na kanisa limemuaga mara tatu kwenda mbio za ng'ambo. Kila akirudi tunasimuliwa uwanja wa ndege, mlango kwa mlango. Leo alikuwa kimya. Yeye huzunguka uwanja mara ishirini na tano. Mimi nazunguka dunia yenyewe. Niliona imemwingia.

Kuna jambo moja dogo. Sijachukuliwa bado.

Jumatatu, 6 Oktoba

Nilieleze hilo jambo, maana shajara ikidanganywa haina kazi. Mashua itaondoka Kilifi. Nahodha ni mama Mholanzi anayeitwa Bi Annelies. Anachukua vijana wanane kutoka nchi mbalimbali na kuwafundisha ubaharia njiani. Kenya imepewa nafasi moja, na imekwenda kwa kijana wa Mombasa. Mimi ni wa kwanza kwenye orodha ya akiba. Bi Annelies aliniandikia kwamba yule kijana akijitoa kabla ya tarehe 18, atanipigia simu. Nilimwambia Mama niko kwenye orodha. Ni kweli. Nilikusudia kumweleza ni orodha gani tukishamaliza chai. Kabla chai haijaiva alikuwa ameshampigia mchungaji.

Na kanisani kwetu mtu akishaombewa safari, amesafiri. Haonekani tena sokoni akichagua sukuma wiki. Kuna mama mmoja aliombewa kwenda Dubai, karatasi zikakwama, na mpaka leo watu wakimsalimia humuuliza alirudi lini. Kwa hivyo leo asubuhi nimepanda basi la Mombasa mbele ya kwaya nzima. Nikapunga mkono. Nikashukia Timboroa, saa moja tu kutoka nyumbani.

Niko kwa binamu yangu Nanzala, ambaye hulima viazi huku na hajui habari za kanisa letu. Nilimwambia nitakaa siku chache, mpaka nipigiwe. Aliniangalia, akamwangalia jogoo. Akasema jogoo anaweza kukaa.

Jumatano, 8 Oktoba

Baridi ya huku ni ya kulipiza kisasi. Lakini ukungu ni mali. Asubuhi huwezi kuona choo ukiwa mlangoni pa choo. Nikapata wazo. Nilisimama kwenye kilima nyuma ya nyumba, nikashika karatasi ya nailoni ya kufunikia viazi, upepo ukaijaza, Nanzala akanipiga picha. Nyuma yangu weupe mtupu. Picha nikaituma kwenye kikundi cha kanisa: niko baharini, tunaelekea Ushelisheli, hali ya hewa ni nzito, msiache kuomba.

Amina arobaini na tatu kabla ya saa nne. Nikaongeza ujumbe wa sauti. Mama akaandika kuuliza ni nini hicho kinalia nyuma. Alikuwa kondoo. Nikamjibu ni ndege wa baharini. Mama akasema kazi ya Mungu haichunguziki.

Bi Annelies hajapiga.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimeamua kujifunza ubaharia kabisa, ili nikiitwa nisiaibishe nchi. Nimeanza na mafundo. Kuna fundo ambalo mabaharia hulitegemea wakati wa dhoruba, nikalisoma kwenye video mara sita. Nikalifunga kwenye kamba ya ng'ombe wa Nanzala. Nililifunga sawasawa. Hilo ndilo lililoleta shida. Wakati wa kukama ulipofika halikufunguka kwangu, halikufunguka kwa Nanzala, halikufunguka kwa meno. Ng'ombe akachoka kusubiri, akang'oa kigingi na kwenda nacho kwenye kabeji za jirani. Kamba ikakatwa kwa panga. Ilikuwa kamba ya pekee.

Nanzala hakunigombeza. Alinipa jembe, akanionyesha palizi inaanzia wapi. Sikuona inaishia wapi.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimevuka ikweta. Sikudanganya mtu hapa, kibao kiko barabarani na nimetembea mpaka pale kwa miguu. Nimevuka kwenda kusini, nikarudi kaskazini, nikavuka tena kwa ajili ya picha nyingine. Nimesoma kwamba baharia akivuka ikweta mara ya kwanza humwagiwa maji. Niliporudi nilimwomba Nanzala anitimizie desturi. Hakuuliza kwa nini. Alichukua karai la maji ya kuoshea viazi akanimwagia lote, na nadhani alifurahi kidogo, maana alirudi kujaza jingine.

Picha ya kibao sikuituma. Ilionyesha mama anayeuza karoti.

Kwenye kikundi niliandika tu kwamba nimevuka. Mchungaji Oyugi akajibu kwamba kesho atahubiri kuhusu Yona.

Jumanne, 14 Oktoba

Maafa. Saa mbili asubuhi nilikuwa kando ya barabara na gunia la viazi mgongoni. Nikasikia viatu vinakuja ndani ya ukungu, pa pa pa pa, watu kama kumi. Wanariadha. Nilisahau kabisa. Eldoret nzima, mtu akitaka pumzi, anakuja kukimbilia huku juu. Mimi nimetafuta maficho, nikachagua mahali ambapo Kimeli hufanyia mazoezi kila Jumanne.

Alinipita. Kisha akarudi kinyumenyume, bado anakimbia. Alisimama, akaangalia gunia, akaangalia buti za Nanzala nilizovaa. Akauliza kama hapa ndipo Ushelisheli.

Niliketi chini nikamweleza yote, kwa sababu sikuwa na jingine la kueleza. Nilingoja acheke. Hakucheka. Aliwapungia wenzake waendelee, akaketi juu ya gunia. Akaniambia kwamba mwaka jana, alipokuwa Uturuki, alikuwa Ainabkoi, si mbali na hapa. Visa ilichelewa na alikuwa ameshaombewa. Alikaa kwa shangazi yake wiki sita akipalilia viazi. Jaketi aliipata kwenye mitumba mjini.

Jambo la kwanza nililohisi ni hasira. Ile jaketi nimeionea wivu mwaka mzima.

Halafu akanipa ushauri, kama mtu aliyenitangulia kwenye kazi. Alisema kosa langu ni simu. Kule kanisani watu wameanza kuuliza inakuwaje baharini kuna network na Langas hakuna. "Boss, mtu akienda majuu hashiki simu," aliniambia. "Wewe unashika hadi missed call. Zima hiyo kitu mpaka Jumapili. Wakikukosa ndio wataamini."

Nilimkumbusha kuhusu Bi Annelies na tarehe 18. Aliuliza ni nani duniani angejitoa kwenye safari ya kuzunguka dunia bure. Aliondoka akikimbia. Ni mtu mwema sana, Kimeli. Tumepoteza miaka.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimezima simu. Raha iliyoje. Nimepalilia mistari minne. Nanzala ameuliza kama Bi Annelies hataweza kunipata. Nikamwambia mzungu akikukosa kwa simu hukuandikia barua pepe. Akauliza barua pepe huwa naisomea wapi. Nikamwambia kwenye simu. Akaendelea kupalilia.

Jumapili, 19 Oktoba

Nimewasha simu baada ya ibada, ili nione jinsi nilivyokosekana. Nilikuwa nimekosekana sana. Bi Annelies alipiga Alhamisi mara mbili. Alipiga Ijumaa mara tano. Kijana wa Mombasa amejitoa. Anaoa.

Bi Annelies aliponikosa alipiga ile namba ya mzazi niliyojaza kwenye fomu. Hayo nimeyasikia kwa Mama mwenyewe, kwenye ujumbe wa sauti alioutuma kikundini, na furaha yake ilijaa jikoni nzima. "Wakoli mwanangu, kuna mama mzungu alinipigia Ijumaa, ati anakutafuta uende na boti yake. Nikamwambia amechelewa, mtoto wangu ako baharini tangu wiki jana. Akauliza na boti gani. Nikamwambia ni ingine, kubwa kuliko yake. Akasema basi atachukua mwenye anafuata. Nikamwambia asante, na Mungu akubariki pia wewe."

Ujumbe huo umechezwa kanisani leo, kwenye spika. Mchungaji Oyugi amesema ndivyo inavyokuwa mtu akiombewa ipasavyo. Manahodha wanamgombania.

Niliketi juu ya gunia nikalia. Nanzala alizima jiko akaja kuketi karibu. Niliitaka ile nafasi. Sijawahi kuliandika hilo humu kwa sababu nilijiona kama ninayo tayari. Nimeitaka tangu darasa la sita, siku nilipoangalia ramani ukutani nikaona sehemu kubwa ya dunia ni maji, na sisi tumepewa mahindi.

Nilimpigia Bi Annelies. Alikuwa na sauti ya upole na kelele za kamba nyuma yake. Nafasi amepewa wa pili kwenye orodha, msichana wa Busia, na wanang'oa nanga saa nane. Alisikitika kwamba tumepishana. Akauliza hiyo mashua yangu nyingine inaendeleaje.

Nikamwambia vizuri tu.

Jumatatu, 20 Oktoba

Leo Nanzala amesema maneno mengi kuliko wiki mbili zote. Basi la kwenda Eldoret hupita saa nne. Nipande, niende, nimwambie Mama ukweli akiwa peke yake, kabla ya kumwambia mtu mwingine. Mama atalia siku moja, pengine mbili, kisha atanipikia. Ukweli nikiuchelewesha nitamkuta ameshaandaa mapokezi. Nikamwambia ana akili sana. Ana akili kweli. Alinifungia chakula cha njiani, viazi na yai. Nikaenda mpaka barabarani.

Basi lilichelewa. Nikafungua simu kupoteza muda, na hapo nikaona tangazo. Kuna meli ya watafiti inayokwenda kwenye barafu, kusini kabisa mwa dunia. Wanatafuta vijana wa kupima barafu. Mimi nimepima mahindi miaka miwili, na kipimo ni kipimo. Nilijaza fomu nikiwa nimesimama. Basi likaja. Nilikuwa kwenye swali la tisa, linalouliza kama naweza kuvumilia baridi. Nikalipungia liende.

Fomu imepokelewa. Wameniandikia hivyo mara moja, ndani ya dakika ile ile, jambo linaloonyesha wana haraka na mimi. Kuchukuliwa bado, lakini hiyo ni hatua tu.

Nimemwandikia Mama kwamba nikimaliza kuzunguka dunia naunganisha moja kwa moja na barafu. Nimemwomba amwambie mchungaji Jumapili aziombee safari zote mbili kwa pamoja.