Habari za Fundi Koki, Jinsi Alivyomuunga Mkono Daktari Dhidi ya Wakubwa Wote

Sogeeni, enyi wenye masikio, nanyi mlioazima ya jirani! Wekeni vikombe chini, nyamazisheni simu zenu, kwani nakusudia kuwasimulia vita ambavyo hapakumwagika damu ila chai, na shujaa ambaye hakupanda farasi ila ngazi ya mbao yenye daraja moja lililolegea. Nawaletea habari za Fundi Koki, fundi bomba mwana wa fundi bomba, mjukuu wa mchimba visima, mzibua masinki, kiboko ya kutu, mwenyekiti wa tawi la chama katika mtaa wenye mitaro miwili na malalamiko elfu.

Ilikuwa zama zile chama kilipotaka kumteua mmoja wa wanawe apeperushe bendera katika kuwania urais. Waliosalia uwanjani walikuwa wawili. Wa kwanza aliitwa Mhandisi, waziri wa ujenzi wa zamani, mtu wa kifua kipana na msafara mrefu. Wa pili aliitwa Daktari, mama mwembamba aliyewahi kuongoza hospitali ya wilaya, ambaye alipohutubia ilibidi watu wa nyuma waulize watu wa mbele amesema nini. Nao wakubwa wa nchi walimkimbilia Mhandisi kama kuku waliomwagiwa mtama. Leo makamu wa rais mstaafu alitangaza kumuunga mkono, kesho spika mstaafu, keshokutwa tajiri mwenye timu ya mpira. Na kila mmoja alipigwa picha Mhandisi akimwinua mkono juu, hata ikavuma kwamba bega la Mhandisi limeteguka kwa kuinua mikono ya wenziwe.

Jioni moja Fundi Koki alikuwa mezani na watu wa nyumbani mwake, redio ikisema kutoka juu ya kabati, mchambuzi akitamka kwa sauti ya kuzika kwamba mchezo umekwisha, wakubwa wamesema, sisi wengine tuliobaki ni kupiga makofi.

Shujaa akaweka kijiko chini.

"Haujaisha!" akanguruma. "Je, mimi si mkubwa wa tawi? Je, sina ulimi? Naapa kwa spana ya marehemu baba yangu, nami nitatoa tamko langu mbele ya jua na mbele ya watu, nimuunge mkono Daktari, na mtaa huu utatikisika kama bomba lililoingiwa na hewa!"

Mkewe, nesi wa zahanati, mwanamke asiyetishwa na sindano wala mwanamume, alikuwa amevaa fulana yenye sura ya Mhandisi tangu asubuhi. Akamtazama mumewe kwa huruma.

"Muunge tu, baba watoto, nani kakukataza? Ila nani atakusikia? Wewe hata ukiita watu chakula tayari, hawaji mpaka niite mimi."

"Watanisikia!"

"Haya. Nitafutie mtu mmoja atakayemwacha Mhandisi kwa sababu wewe umesema. Sitaki kumi. Mmoja."

Na kutoka mwisho wa meza ikatoka sauti ya tatu, kavu kama ufagio. Ilikuwa sauti ya mama mkwe, bibi aliyeuza nafaka sokoni maisha yake yote na ambaye sasa aliishi kwenye chumba cha mbele. Tangu ahamie humo hakuwahi kumsemesha mkwewe moja kwa moja. Kila neno alilipitisha kwa binti yake, kama mfalme apitishavyo kwa mjumbe.

"Mwambie mumeo apunguze sauti," alisema. "Supu inapoa."

Usiku ule Fundi Koki hakupata usingizi. Kwani lilikuwapo jambo lililomkwama kooni, nalo ni hili: alikuwa mwenyekiti miaka mingi kwa sababu hakuna mwingine aliyeutaka uenyekiti. Alifungua mikutano, akafunga mikutano, akapanga viti, akapangua viti. Lakini kama yupo mtu hata mmoja aliyewahi kufanya jambo kwa kuwa yeye amelisema, hilo hakulijua, wala hakuwahi kuwa na ujasiri wa kulichunguza. Sasa mkewe, bila kukusudia, alikuwa amemgusa penye jeraha.

Ikafika Jumamosi, siku ya tamko. Fundi Koki alivaa koti lake la arusi, lililokuwa limeanza kumkataa tumboni, akapanda jukwaa la ukumbi wa tawi, akashika kipaza sauti kama simba ashikavyo paja. Waliokuwa ukumbini walikuja kumsikiliza, isipokuwa wale waliokuja kukimbia mvua, nao ndio walikuwa wengi.

"Enyi wanachama!" alipaza. "Enyi nguzo na paa la chama hiki! Wakubwa wamenena, na mbingu za redio zimejaa majina yao. Lakini tangu lini mto ukaanzia baharini? Mimi, mwenyekiti wenu, niliyeingia chini ya masinki yenu na kutoka nikiwa hai, nasema leo: Dakta..."

Hapo kipaza sauti kikapiga mluzi mkali, mbwa wa jirani akaitikia, na jina lile tukufu likapotea katikati yao. Mvua ilipokatika, ukumbi nao ukawa mtupu.

Hakukata tamaa, yule mwana wa mabomba. Alishuka mtaani mlango kwa mlango, kama jemadari akusanyaye mabaki ya jeshi. Kwanza alifika kwa muuza nyama, aliyekuwa akinoa kisu.

"Nilikusikia, mwenyekiti," alisema muuza nyama. "Ulisema maneno mazito. Mke wangu alitokwa na machozi."

Moyo wa shujaa ukapaa. "Basi tuko pamoja?"

"Kabisa. Kwani ulisema tumchague nani?"

Akaenda kwa msusi, aliyekuwa amemkalisha mteja na kumgawa kichwa nusu kwa nusu. Msusi hakugeuka.

"Wewe uko kwa Daktari?"

"Kwa roho na mwili, dada yangu."

"Basi mimi ni wa Mhandisi. Nilikuwa sijaamua, nashukuru umenisaidia. Sinki langu umelitengeneza mara tatu, na mpaka leo linalia kama paka aliyebanwa mlangoni."

Fundi Koki akaegemea mlango, ameumia. Kumbe mtu akimuunga mwenziwe mkono, humuunga pamoja na mavujo yake yote! Akajikaza, akauliza, "Na spika mstaafu? Yeye hakukushawishi kwa Mhandisi?"

"Spika gani?"

"Yule mwenye ndevu."

"Si alishakufa yule?" alisema msusi, na mteja akasema hata yeye alidhani hivyo, alikumbuka mpaka mazishi yake.

Shujaa alirudi nyumbani akiwa amefarijika kidogo, kwa kuwa ameona kwamba wakubwa nao hupiga kelele ndani ya pipa. Lakini faraja haipigi kura. Mtu mmoja alikuwa bado hajapatikana.

Ikapambazuka Jumapili ya uteuzi. Uwanja wa shule ya msingi ukafurika. Chama kilikuwa kimeamua kwamba wanachama wasimame foleni nyuma ya picha ya wamtakaye, hadharani, macho kwa macho. Msimamizi alikuja kutoka wilayani na filimbi shingoni, akatangaza sheria: filimbi ya kwanza watu wajipange, ya pili wajiandae kuhesabiwa, ya tatu hakuna kuhama, hata kama umesimama nyuma ya mtu unayemdai.

Filimbi ya kwanza ikalia. Nyuma ya picha ya Mhandisi watu walijipanga mpaka foleni ikazunguka tangi la maji, ikapita madarasa, ikaenda kuishia vyooni. Nyuma ya picha ya Daktari alisimama Fundi Koki, wa kwanza, kidevu juu kama mnara. Alipogeuka aliona watu kadhaa nyuma yake, na damu ikamwenda mbio.

"Ndugu yangu," alimwambia wa kwanza, "ni tamko langu lililokuleta?"

"Hapana, mwenyekiti. Huyu mama alimzalisha mke wangu mapacha."

"Na wewe, kaka?"

"Mimi nimegombana na shemeji. Yuko foleni ile."

"Na wewe, mama?"

"Huku kuna kivuli, baba."

Kutoka ng'ambo ya uwanja, mkewe alimwona akihoji jeshi lake. Akainua kidole kimoja juu, akacheka mpaka akashika mbavu. Na kando ya mkewe, juu ya kigoda chake, katikati kabisa ya majeshi ya Mhandisi, ameketi mama mkwe, mikono juu ya mkongojo.

Hapo ndipo Fundi Koki alipopatwa na wazo, nalo lilimtisha kuliko bomba kuu lililopasuka. Alikuwa amemwomba muuza nyama, amemwomba msusi, amewaomba hata waliokimbia mvua. Mtu mmoja tu hakumwomba, tena anakula naye meza moja.

"Nishikieni nafasi," aliwaambia walio nyuma yake, kwa sauti ya mtu anayeaga.

Akaukata uwanja peke yake. Foleni yote ikamtazama. Wengine walidhani amesalimu amri, wakaanza kumshangilia, hakuwasikia. Alifika mbele ya kigoda, akachuchumaa kwa adabu, akavuta pumzi, akaanza:

"Ewe mama wa mama wa wanangu, nguzo isiyotikiswa na tufani, mizani ya haki uliyepima nafaka ya..."

"Mwambie mumeo," alisema mama mkwe kumwambia binti yake, "mimi si mkutano wa hadhara."

Watu wakaangua kicheko. Filimbi ya pili ikalia. Na Fundi Koki, kwa mara ya kwanza katika habari hii, alijikuta hana neno kubwa hata moja. Yalikuwa yamemwishia yote. Akabaki na madogo.

"Mama," alisema taratibu, "nilipokuwa nafanya kazi kule hospitali ya wilaya, bomba la wodi ya wazazi lilipasuka. Niliingia shimoni, maji yamenifika kiunoni. Huyu mama alikuwa ndiye mkubwa pale. Alikuja na tochi, akavua viatu, akashuka nami. Hakuniambia fanya hivi fanya vile. Alinimulikia tu. Mimi nikafunga, nikaenda zangu. Baada ya mwezi hivi akanipigia simu. Nikajua kuna lawama. Akaniuliza, 'Fundi, nimekuja kuangalia lile bomba, naona limeshika. Wewe unaonaje, litadumu?' Basi. Mama, nimefanya kazi kwa watu wengi. Hakuna aliyewahi kurudi kuangalia kama kilichoharibika kimepona. Ndiyo maana namtaka. Sina sababu nyingine."

Mkewe hakucheka tena. Alikuwa hajawahi kuisikia habari ile.

Mama mkwe akamtazama mkwewe usoni, moja kwa moja, bila mjumbe.

"Na lilidumu?"

"Limedumu, mama. Mpaka leo."

Bibi akautazama mkongojo wake. Akaitazama picha ya Mhandisi, akaitazama ile nyingine. Kisha akainuka.

"Mama!" mkewe Fundi Koki akapiga kelele. "Unakwenda wapi? Si tulikubaliana?"

"Tulikubaliana lini? Wewe ulinivalisha fulana ukaniweka hapa kama mtungi. Huyu ameniomba."

Ah, enyi mliohudhuria, semeni kama mliwahi kuona mwendo kama ule! Fundi Koki alibeba kigoda kama mbeba ngao, mama mkwe akatangulia na mkongojo, na uwanja ule mpana ukawa mpana zaidi. Msimamizi alikuwa ameshaweka filimbi mdomoni, mashavu yamemvimba. Mwenye kushika picha ya Mhandisi akamkumbusha muda umekwisha. Msimamizi akamwashiria kwa mkono angoje. Yule bwana naye alikuwa na mama mkwe wake, na alijua mtu hampigii filimbi mama mkwe aliye njiani. Bibi akafika, kigoda kikatuliwa, akaketi, akapanga nguo yake. Na hapo ndipo filimbi ya tatu ikalia, ndefu, kama tarumbeta ya ushindi.

Hesabu ikafanywa. Mhandisi alishinda tawi lile vibaya sana, kama alivyoshinda matawi jirani, na wiki ile ile akatangazwa kuwa mgombea wa chama. Wachambuzi wakarudi redioni wakagawanyika: hawa wakashikilia kwamba ni wakubwa waliomwinua, wale wakabisha kwamba wakubwa huwa wananusa mshindi kwanza ndipo wanajitokeza kumuunga mkono, na kwamba angeshinda hata wangenyamaza wote. Walibishana mpaka matangazo ya biashara yakawakata.

Lakini siku ile uwanjani, matokeo yaliposomwa na majeshi ya Mhandisi yakaruka kwa shangwe, Fundi Koki naye aliruka, na watu hawakuelewa kwa nini mtu aliyeshindwa anamkumbatia msimamizi. Mkewe alimwendea, akamtengeneza kola ya koti.

"Mmoja," alisema.

"Mmoja," alijibu shujaa.

"Mbona ile habari ya shimoni hukuwahi kuniambia mimi?"

"Hukuuliza. Nami nilidhani ni ndogo mno."

Wakaondoka wote watatu, jua likiwachoma utosini, mama mkwe katikati. Walipofika kona ya duka la nyama, bibi akasimama kupumzika, akamgeukia mkwewe.

"Baba," alisema, "safari nyingine ukitaka watu, kipaza sauti waachie wenyewe. Anza na mimi."

Basi wenye kuchonga mawe na wachonge, wenye wino na wauchovye! Yaandikwe majina ya wastaafu na matajiri mahali yanapoandikwa siku zote. Lakini pembeni, kwa herufi zinazosomeka, na liandikwe na hili pia: kwamba katika mwaka ule wa uteuzi, mwana wa fundi bomba alitamka neno, na mtu mmoja, kwa hiari yake, akainuka akatembea.