Kura ya Maji Moto

Jumatatu, 14 Julai

Baridi! Ukungu umeshuka hadi kwenye kamba za nguo na haujaondoka tangu asubuhi. Biashara imelala kabisa. Nani atanunua juisi ya miwa hapa Ruiru mwezi wa Julai? Nimeshinda nimesimama kando ya mashine yangu karibu na stesheni, mikono kwapani. Nimeuza glasi moja tu. Huyo mteja aliniomba nimpashie moto.

Kwa hivyo nimeamua. Nyumba hii itabana matumizi kuanzia leo, na adui wa kwanza ni shawa ya stima. Kidude kile kinameza tokeni za umeme kuliko vitu vingine vyote vya nyumba vikiwekwa pamoja. Nimekizima kwenye swichi iliyo nje ya mlango wa bafu na kubandika karatasi juu yake: MARUFUKU HADI SEPTEMBA. Kalamu nyekundu. Nikajihisi mwanamume mwenye nyumba.

Wangeci, mke wangu, amerudi jioni kutoka Thika, kwenye kile kiwanda anakoosha matunda. Amesoma karatasi akiwa bado na begi begani. Hakupiga kelele. Aliuliza tu kama tutakuwa tunapumua kwa zamu pia. Halafu akaniita Erastus. Hilo jina langu la ubatizo hulitoa akikasirika tu. Siku nyingine mimi ni Githae.

Nimemwambia asijali, nina mpango. Amesema hapo ndipo anapoanza kuogopa.

Jumanne, 15 Julai

Mpango wenyewe: jua. Jua halina tokeni. Nimepaka mtungi rangi nyeusi, maana nyeusi hunyonya joto, hata shuleni tulifundishwa. Nikaupandisha juu ya paa ukiwa umejaa maji, nikangoja.

Jua halikutokea. Wala halikuchungulia. Jioni maji ya mtungini yalikuwa baridi kuliko ya mfereji. Nimemweleza Wangeci kwamba mpango ni mzuri, ila mwezi ndio mbaya. Ameoga uso na miguu, amelala na soksi.

Kosa dogo: rangi ilikuwa haijakauka. Upepo ulipeperusha shuka za Opiyo zilizoanikwa huko juu, zikakumbatia mtungi wangu. Mwongeli, msimamizi wa ploti hii ya wapangaji, hakutaka kusikia habari za sayansi. Amenisimamia nikafua shuka zote. Kwa maji ya mfereji! Vidole havijarudi hadi sasa ninapoandika.

Huyu Opiyo ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Ana hita ya chumbani, ile yenye vyuma vyekundu, na hukaa kwake na vesti huku dirisha likiwa wazi, ili tu mimi nione. Tena huwaambia watu kwamba Githae hutamka Ruiru kama Luilu. Uongo mtupu. Sijawahi kusema Luilu maishani mwangu. Ni wivu.

Jumatano, 16 Julai

Leo nimepata akili zaidi. Kwa nini tupashe nyumba nzima moto wakati wanaolala ni watu wawili tu? Tupashe kitanda! Nimechemsha sufuria moja ya maji kwenye gesi, nikajaza chupa zangu za juisi, nikazipanga chini ya blanketi kuanzia kichwani hadi miguuni. Wangeci ameingia kitandani. Baadaye akasema, polepole, kwamba kuna joto. Ametabasamu! Nimeshinda.

Alhamisi, 17 Julai

Sikushinda. Kumbe chupa ya juisi ikipata maji moto hulegea shingo. Zote zilivuja. Tena sikuwa nimezisuuza vizuri, na juisi ya miwa ni sukari tupu. Tumeamka tumelowa na tunanata, na sisimizi wa ploti nzima wamekuja kujionea.

Wangeci amejikung'uta, amevaa, amekunja nguo chache. Amesema anaenda kukaa Thika kwa dada yake Maggie mpaka baridi iishe. Kwa Maggie kuna shawa inayowaka na tena ni karibu na kazini. Nimemuuliza kama amekasirika. Amesema hapana, Erastus.

Jioni nimejibanza kwenye ukuta wa Opiyo. Fikira yangu ni hii: joto lake haliwezi kujua mpaka wa nyumba. Nimesogeza kochi, nikaegemea, na kweli ukuta ulikuwa na uvuguvugu! Nimekula chapati yangu hapo nikimcheka moyoni. Analipa yeye, ninaota moto mimi.

Halafu Maggie akapiga simu. Amesema shemeji, dada yangu anakuja Jumamosi jioni kuchukua nguo zilizobaki na lile blanketi zito la mama yetu. Akikuta nyumba ina joto na maji ya kuoga ni moto, ataliacha blanketi mahali lilipo na yeye atabaki. Akikuta baridi, tutaonana Septemba, labda.

Hiyo labda sikuipenda hata kidogo. Nyumba imekuwa kubwa ghafla. Nimeanza kuzungumza na sufuria.

Ijumaa, 18 Julai

Ningeweza kuwasha shawa tu, mambo yaishe. Mtu mdhaifu angefanya hivyo. Mimi nataka Wangeci arudi na shawa ikiwa imezimwa.

Nimekutana na Opiyo kwenye ngazi nikamshukuru kwa kejeli kwa joto la ukutani. Hakuelewa. Amesema hita yake iko chumbani, upande wa pili kabisa. Ukuta ninaoegemea una friji. Yaani jana nimeota friji! Nimerudisha kochi.

Lakini hapo ndipo wazo kubwa lilipokuja. Makapi ya miwa! Nyuma ya mashine yangu kuna mlima wa makapi makavu, na yanawaka vizuri kuliko kuni. Tuweke pipa moja uani, tuwashe moto wa makapi chini yake kila asubuhi na jioni, kila mpangaji achote maji moto. Bure! Ploti yote itazima shawa, na jina langu litakumbukwa.

Mwongeli amesikiliza, amekunja mdomo. Moshi, nguo zilizoanikwa, mwenye ploti. Mwishowe amesema sawa, ila uani ni kwa wote, kwa hivyo wapangaji wapige kura. Wakikubali wengi, niweke pipa langu.

Haki kabisa. Sikutaka kuandika, kwa sababu watu hawasomi. Nimetuma ujumbe wa sauti kwenye grupu ya ploti, kwa sauti ya heshima: kesho saa kumi jioni kutakuwa na kura kwa Githae, kila mtu afike bila kukosa, na waje na familia.

Hawa watu nawajua, hawajibu kitu kwenye grupu. Leo wamejibu wote! Opiyo ameandika kwamba hajaamini masikio yake, na kwamba Mungu hubadilisha watu. Mwongeli ameweka mikono ya maombi. Sikujua ploti hii inapenda demokrasia hivi.

Jumamosi, 19 Julai

Ngai! Wacha niandike kwa utaratibu.

Nimekata karatasi ndogo za kupigia kura. Nimetoboa boksi la viatu. Nimetandika meza. Saa kumi wakaanza kubisha. Wa kwanza Opiyo, mkewe Apiyo na watoto wao watatu, kila mmoja na sahani na kijiko. Nikashangaa kidogo, nikadhani sahani ni za kuwekea kura. Mwongeli akaja na hotpoti tupu, kubwa. Wakaingia wa juu, wakaingia wa chini, wakajaa kochi, wakajaa sakafu. Wote wananitazama kwa upendo.

Nikasimama na boksi langu nikasema karibuni kwa kura. Wakapiga makofi. Mwongeli akauliza kwa upole, sasa chakula kiko wapi? Nikamwambia ni kura. Akasema ndiyo, kula, ndio tumekuja. Nikamwambia tena, kwa sauti kubwa: kura! Opiyo akainama akaficha uso ndani ya sahani.

Sijui nani aliziba masikio yao. Lakini mtu amekuja kwako na watoto na vijiko, utamfukuza? Mama yangu angejua, hangenisalimia tena. Nikabandika sufuria mbili. Mchele wote wa mwezi, maharagwe yote, kabeji yote. Gesi inalia na mimi nalia nayo kimoyomoyo.

Opiyo akapapasa ukuta, akasema jirani, hapa kwako ni baridi ya Limuru. Akatoka, akarudi na hita yake. Akaichomeka. Kwenye soketi yangu! Vyuma vikawa vyekundu, watoto wakashangilia. Nikasimama kando ya soketi natafuta njia ya kuichomoa kwa adabu. Hakuna.

Hapo mlango ukafunguliwa, Wangeci. Amekuja na begi tupu la kubebea nguo. Alishindwa hata pa kulitua. Nyumba ilikuwa imejaa, madirisha yametoa jasho, sufuria zinatoka mvuke. Apiyo akampokea koti. Wangeci akauliza kuna nini, na Mwongeli akamwambia mumeo ametualika kula. Wangeci akanitazama. Hajanitazama hivyo tangu harusi.

Nikanyamaza. Kunyamaza si kusema uongo.

Lakini kazi ni kazi. Watu walipomaliza sahani nikapanda kwenye stuli nikaeleza habari za pipa na makapi, kisha nikauliza nani anaunga mkono. Wakainua mikono wote! Wote, hata watoto! Nikaanza kufurahi, nikaona Mwongeli anapita na mwiko akiwaongeza wali.

Halafu mita ikaanza kupiga kelele, na giza. Tokeni zimeisha, hita imezimeza hadi ya mwisho. Nilingoja watu waondoke. Hakuna aliyeondoka. Walisema mbona kuna joto zuri, wakaendelea kula gizani, wakitaniana. Nikamsikia Wangeci anacheka katikati yao. Kicheko hicho nilikuwa nimekisahau. Nilifurahi sana, niseme ukweli, nikasimama tu pale nikikisikiliza.

Jumapili, 20 Julai

Blanketi liko mahali pake. Wangeci pia.

Baada ya kanisa amepata ujumbe wangu wa sauti kwenye grupu. Ameucheka mpaka akakaa sakafuni. Anasema nimetamka kula, wazi kabisa. Nimeusikiliza tena na tena. Mimi nasikia kura. Nimemwambia simu yake ina shida ya spika.

Halafu akaacha kucheka, akanionyesha mikono yake. Ngozi ya vidole imekunjamana na vingine vimepasuka.

"Githae, mimi nashinda ndani ya maji baridi ndio tukule," alisema. "Nikifika kwangu nataka maji moto. Hiyo tu. Ukigusa hiyo swichi tena, sitangoja blanketi."

Niliona aibu. Nikashika ile mikono, nikabandua karatasi nyekundu, nikaapa mbele yake kwamba mkono wangu hautagusa tena swichi hiyo. Na niliapa kwa moyo wote.

Nimeenda kumuuliza Mwongeli kuhusu pipa, maana kura ilipita bila hata mmoja kupinga. Amesema kilichopita ni wali wa pili.

Jumatatu, 21 Julai

Nimenunua tokeni. Iliniuma lakini nimenunua.

Leo kando ya mashine, bila wateja, nimefikiria sana. Nini kilipasha nyumba joto Jumamosi? Si hita. Stima ilipopotea, joto lilibaki. Ni watu! Mtu mmoja ana joto la bure, sembuse ploti nzima. Nikiwaita kila Jumamosi, kila mmoja aje na chakula chake, nitaota bila senti. Kwa nini hakuna aliyewahi kufikiria hili?

Safari hii nimetamka kwa uangalifu. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo, ulimi juu, ulimi chini. Nimetuma: Jumamosi kuna kula tena kwa Githae, njooni wote na vyakula vyenu.

Majibu yamenishangaza. Opiyo ameandika kwamba yeye hapigi kura mara mbili kwa mwezi mmoja. Mwongeli ameandika kwamba hataki siasa kwenye ploti. Wengine wameuliza nawania kiti gani. Nikiita kura wanakuja na sahani, nikiita kula wanasema siasa! Watu hawa hawaeleweki.

Basi. Nitabana peke yangu.

Sasa hivi Wangeci yuko bafuni. Mvuke unatoka chini ya mlango, anaimba, na mita inakimbia kama mwizi. Amepaka sabuni tayari, nasikia. Mtu aliyepaka sabuni tayari ameoga, kilichobaki ni kusuuza, na kusuuza hakuhitaji moto. Mimi ni mtu wa neno langu. Niliapa mkono wangu hautagusa swichi. Lakini hapa nina ufagio, na mpini wa ufagio si mkono.

Nimeizima. Kimyakimya, hata mimi mwenyewe sikusikia.

Wimbo umekatika.

Ameita Erastus.