Sola Yangu Bado Haijakauka

Jumatatu, 2 Septemba 2013. Shumba Viamboni.

Siku ya tisa bila mke. Mize yuko kwao Makoongwe. Kisa, moshi! Ati jiko letu linamtoa machozi tangu alfajiri, ati kikohozi chake mtaa mzima unakisikia isipokuwa mimi. Leo kaniletea salamu: Jumapili anakuja kutazama kwa macho yake. Akikuta moshi haupo, anarudi nyumbani. Akikuta upo, anachukua masufuria yake na harudi tena.

Mimi bila Mize si mtu. Jana nimekula muhogo mbichi.

Anachotaka yeye ni jiko banifu, lile la udongo lenye dohani ya kutolea moshi. Bimkubwa, mke wa jirani yangu Ngwali, kafundishwa na watu wa mradi kuyajenga, na hujenga bure. Sharti lake moja: mwenye nyumba abebe udongo mwenyewe kutoka bondeni. Ndoo saba. Mimi! Mabruki bin Jaribu, ambaye karafuu zangu hazijashuka kutoka daraja la kwanza hata mwaka mmoja, nionekane na Ngwali nina ndoo ya udongo kichwani! Haiwi. Redio imesema dunia nzima sasa inahamia kwenye jua. Basi nami nahamia huko huko.

Jumanne, 3 Septemba

Konde. Nimempa Hakimuddin mwenye duka baskeli yangu, naye kanipa sola ya ukubwa wa sinia la pilau, pamoja na betri na taa moja. Kaniambia kwa upole kwamba inawasha taa na kuchaji simu, basi, hata chai haichemshi. Nikacheka kimoyomoyo. Muuzaji anayeiponda bidhaa yake mwenyewe ana lake jambo. Nikamwomba na jiko la umeme lililolala dukani kwake miaka. Kanipa bure, kisha akaniombea dua.

Nimerudi kwa miguu, sola kichwani. Ngwali kaniuliza baskeli iko wapi. Nikakaza mwendo.

Jumatano, 4 Septemba

Asubuhi nimetandika jamvi uani nikaianika sola. Jua kali, alhamdulillahi! Adhuhuri nimeigeuza ipate na upande wa pili. Karafuu usipozigeuza zinavunda, hilo hata mtoto wa chuo cha Kurani analijua. Saa tisa wingu likatokea upande wa Makangale, nikaikimbiza ndani. Likapita, nikaitoa. Likaja jengine, nikaikimbiza ndani. Mara sita! Miguu sina.

Ngwali kanichungulia juu ya ua. Kauliza kama ninaianika au ninaizika. Nikamwambia wakati yeye anafundishwa kupanda mkarafuu, mimi nilikuwa nishaanika magunia na magunia. Kateremsha kichwa nyuma ya ua. Nimemweza.

Magharibi nimewasha taa. Haikuwaka. Sikushangaa, siku moja haikaushi kitu.

Alhamisi, 5 Septemba

Anika, geuza. Saa nne Bimkubwa kaja, kaikuta sola imelala kifudifudi. Kavuta pumzi.

"Shemegi, uso wake ni huu mweusi. Uelekeze juani kisha uiache. Na udongo ukiuleta leo, Mize atalikuta jiko Jumapili."

Kaigeuza kwa mkono wake, kenda zake. Nimemshukuru kwa adabu, ni mke wa watu. Nikajinyoosha kidogo chini ya ukuta, usingizi ukanichukua. Nilipoamka ilikuwa alasiri! Haraka haraka nikairudisha kifudifudi, isije ikaungua upande mmoja.

Magharibi taa ikawaka. Wallahi ikawaka! Unaona faida ya kugeuza?

Nikajua sasa imekauka. Nikaunga nyaya kwenye jiko la umeme, nikateleka sufuria la maharage. Taa ikazima. Maharage yakabaki baridi, na jiko likawa baridi zaidi yao. Muhogo mbichi tena.

Ijumaa, 6 Septemba

Hila imenijia nikitoka msikitini. Mize anakuja kutazama moshi. Kwani lazima nipike kwangu? Nitapika kwa Ngwali, wali na mchuzi wa pweza, niupitishe mlango wa uani, Mize aukute unafuka mvuke na jiko letu halina hata harufu ya kuni. Akili ni mali!

Nimemeza fakhari yangu nikaenda kuomba. Ngwali kacheka hadi kofia imemwanguka. Kanionesha jikoni kwao: vijiti viwili tu vya kuni, sufuria linatokota, kiambaza cheupe. Nikasema si baya, kwa kitu cha udongo.

Bimkubwa kakubali, ila kwa sharti. Kesho nimsaidie kumjengea jiko Bi Tatu, ajuza wa ng'ambo ya njia, maana hana wa kumbebea udongo. Nimekubali mbio mbio kabla hajabadili rai. Nimeokoka na zile ndoo saba!

Jumamosi, 7 Septemba

Nimebeba ndoo kumi na tisa.

Nimekanda kwa miguu, nimechanganya majivu, nimejenga, nimesimamisha dohani. Bi Tatu kawasha moto mdogo wa kulikausha na moshi wote ukapanda juu. Kaniombea dua ndefu. Bimkubwa kasema nina mkono mzuri, atawaleta watu wa mradi walione. Kisha kaniambia udongo mwingi umebaki. Nikampa hongera.

Mgongo umekatika. Lakini udongo wa jiko langu mwenyewe sijabeba hata chembe.

Jumapili, 8 Septemba

Mize kaja! Kapendeza, kavaa kanga mpya. Nimemwandalia wali niliopika kwa Ngwali. Kala matonge mawili, kasema mtamu. Kisha kaingia jikoni. Kanusa huku, kanusa kule. Uso ukamfunguka, na mimi machozi yakanilenga, maana nimemkumbuka kuliko ninavyoandika humu.

Akainama akayagusa mafiga. Baridi. Kauliza wali umeivia wapi. Nikasema kwenye sola. Katoka uani kuitazama. Ilikuwa kifudifudi, kuku kalala juu yake.

Hapo hapo Bi Tatu kaingia na mkate wa kumimina, kuja kunishukuru. Kamwambia Mize kapata mume, mume kweli, mtu aliyemjengea mwenzake jiko kwa mikono yake, na yeye Bi Tatu tangu jana hajakohoa hata mara moja.

Mize kanigeukia.

"Kumbe kujenga unajua."

Nikamwambia najua sana. Kachukua mkoba, kachukua masufuria yote matatu. Makoongwe hakwenda. Kahamia kwa Bi Tatu.

Jumatatu, 9 Septemba

Nimetafakari tangu alfajiri, na kosa nimeliona. Unyevu! Sola imelala chini, na ardhi ya huku ina maji. Itakauka vipi?

Nimekwenda kwa Bi Tatu kuchukua ule udongo uliobaki. Ndoo saba, moja baada ya moja, kichwani, mbele ya Ngwali na mbele ya njia nzima. Aibu nimeitupa. Mize kasimama mlangoni kwa Bi Tatu ananitazama. Ndoo ya nne katabasamu. Ndoo ya sita kaingia ndani kufunga mkoba wake. Nimejenga tangu saa tano hadi alasiri bila kula.

Kaja na mkoba, na masufuria kayakumbatia. Macho yanamng'aa.

"Nilijua utanielewa tu, Mabruki. Hebu nioneshe."

Nikamwonesha. Kibaraza cha sola, katikati ya ua, kipana, laini, kina mwinamo wa kuteremshia maji ya mvua. Na sola yenyewe juu yake, kifudifudi, zamu ya alasiri.

Mize kakitazama. Kanitazama mimi. Kisha kageuka, karudi ng'ambo ya njia na masufuria yake.

Nadhani hakupenda rangi. Kesho nakipaka chokaa.