Majenerali Watubakizie Waya

Mtaa wa Zahanati,
Kata ya Kikuyu,
Dodoma.
18 Februari 2026.

Ndugu Mhariri,

YAH: MAJENERALI WA ULAYA KUMALIZA WAYA WA MTAA WETU

Pole na kazi. Mimi ni Yotham Chidawali, karani mstaafu na mjumbe wa nyumba kumi katika mtaa uliotajwa hapo juu. Si mtu wa kulalamika ovyo. Mara ya mwisho kuandika gazetini ilikuwa kuhusu jogoo wa jirani, na jogoo yule alichukuliwa hatua. Naomba barua hii uichape, kisha uwafikishie majenerali wa pande zote mbili za vita vya Ukraine, kwa kuwa anwani zao sina.

Mei mwaka jana mafundi wa kampuni moja ya intaneti walichimba mtaro kutoka barabarani hadi getini kwangu, wakatuahidi faiba, ule waya wa intaneti ya kasi. Vitu vyao, kama ilivyo desturi ya mtaa, waliviacha kwa mjumbe: sururu mbili, na gurudumu kubwa la mbao lililoviringishiwa kamba nyeusi. Waliondoka na hawakurudi. Oktoba akaja fundi mwingine, Bwana Eliakimu, mtu mstaarabu, akasema daftari la kampuni linaonyesha waya wa mtaa wetu ulishatoka stoo, ila haijulikani ulielekea wapi. Akaniuliza kama wenzake waliacha chochote. Nilimjibu kwa uaminifu kwamba waliacha sururu, kamba na mtaro. Ikabidi aagize waya mwingine, na huko viwandani akaambiwa apange foleni, maana siku hizi droni za vita zinakula faiba nyingi na bei imepanda.

Nikatafuta habari hizo, nikazisoma hadi chai ikanipoa mkononi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Nimesoma kwamba droni nyingi za huko hazitegemei tena mawimbi ya redio, kwa sababu adui huyavuruga. Droni inaruka huku ikiachia nyuma yake uzi wa kioo, mwembamba kama unywele, na anayeiongoza anaiona njia kupitia uzi huo. Uzi mmoja hufika kilomita kumi, hata ishirini na zaidi. Mtaa wetu unahitaji mita mia nane. Majenerali wakituazima droni moja tu, tena ndogo, tunapata waya na wa jirani zetu unabaki.

2. Droni ikishalipuka, uzi unaachwa mashambani na hakuna anayeukunja. Huu ni ubadhirifu. Kule Mlali nilikozaliwa, hata bua la mtama lina kazi tatu kabla ng'ombe hajalitafuna. Sisi hapa, kamba tu waliyoacha mafundi tumeitumia kwa adabu. Mke wangu Zipora ameanikia nguo. Mama Anjelina amefungia mbuzi. Tumefungia turubai kwenye msiba wa mzee Ebenezer na kwenye sendofu ya binti wa Batholomeo, na magunia ya alizeti yaliyokwenda sokoni Majengo yalifungwa midomo kwa kamba hiyohiyo. Kila nyumba imepata kipande chake, na gurudumu ni meza ya drafti. Majenerali wanakaribishwa kuja kujifunza.

3. Nimeona picha ya kiota cha ndege wa huko kilichofumwa kwa nyuzi hizo za vitani. Sina ugomvi na ndege. Lakini kama ndege ana faiba nyumbani kwake na mjumbe wa nyumba kumi hana, basi mahali fulani utaratibu umekiukwa.

4. Mtaro bado uko wazi. Mvua za Desemba ziliujaza, vyura wakahamia bila kujiandikisha kwa mjumbe. Mchungaji Joshua alitumbukiza mguu mmoja akienda kanisani, na mahubiri ya siku hiyo yalikuwa marefu kuliko kawaida.

5. Hili ndilo linaloniuma. Binti yetu Restuta ni muuguzi Ujerumani, na huko ndiko alikojifungulia mjukuu wetu, Penina. Ana miaka mitatu na hatujawahi kumpakata. Kila Jumapili baada ya ibada Restuta anatupigia kwa video, nasi tunapokea kwa bando la simu. Amemfundisha mtoto kuamkia. Penina anasogea kwenye kioo na kusema, shikamoo babu, halafu picha inaganda. Mimi naitikia marahaba, kwa sauti ya kusikika hadi zahanati, lakini inamfikia akiwa ameshaondoka kwenda kucheza. Restuta anasema mtoto amekuwa akiuliza kwa nini babu haitikii. Jumapili iliyopita hakuamkia kabisa. Zipora aliinuka, akaenda kuanua nguo ambazo bado zilikuwa mbichi. Mimi nilibaki na simu mkononi, na sioni haya kuandika kwamba nililia.

Kwa sababu hizo, naomba yafuatayo. Kwanza, kila upande ukunje nyuzi zake jioni, kabla ya chakula. Wakishindwa, sisi wa nyumba kumi tuko tayari kwenda kuwakunjia, tukipewa nauli na makoti. Pili, mtaa wetu utambuliwe rasmi kuwa upande wa tatu wa vita hivyo, na mimi niitwe kwenye mazungumzo ya amani. Uzoefu ninao: nimesuluhisha kesi ya jogoo, mgogoro wa mpaka wa kiwanja, na ndoa mbili, na moja kati ya hizo ingali inaendelea. Tatu, wakiona uzito kuniita, basi wasimamishe vita kabisa, viwanda vipumue, na waya wetu uletwe kabla Penina hajasahau kuamkia.

Nisalimie wachapaji wako, wauza magazeti wote, na mama anayewaletea chai hapo ofisini. Uwasalimie pia majenerali na mama zao, ambao naamini waliwafundisha kukunja kamba baada ya kuteka maji.

Ni mimi, mwananchi mwenye mtaro,

Yotham Chidawali
Mjumbe

Nyongeza: Ndugu Mhariri, nimelazimika kuifungua bahasha. Asubuhi hii Zipora aliniomba kipande cha kamba afungie kifurushi cha Penina, cha karanga na kigauni, kwa kuwa kuna muumini mwenzetu anasafiri leo kwenda Ujerumani. Kwenye gurudumu ilikuwa imebaki mita moja. Nilipoikata kwa kisu, kitu chembamba kama unywele kilichomoza kwenye ncha, kikanichoma kidole. Nilikipeleka juani. Ni kioo.

Tangu Mei nilikuwa natazamia waya unaong'aa, na huu kwa nje ni mweusi kabisa. Nimeuzungukia mtaa mzima nikiukagua. Faiba yetu iko shingoni mwa mbuzi, iko kwenye turubai, iko kwenye magunia ambayo sasa yako Majengo au mbali zaidi, na mashuka yangu mwenyewe yanakauka juu yake. Kwa kweli nyumba zote kumi zimeshafikiwa na huduma.

Kwa hiyo majenerali, kwa mtaa wetu, hawana kosa. Malalamiko namba 1 hadi 5 uyaelekeze kwangu. Barua naituma hivyohivyo kwa sababu stempu nilishaibandika. Bwana Eliakimu nitampigia nikipata maneno. Zipora bado sijamwambia, kwa kuwa alikuwa ameshakifunga kifurushi kwa mita ile na kwenda kukikabidhi, akiisifu ile kamba kwa uimara wake. Mita hiyo moja itamfikia Penina wiki hii, na marahaba yangu ingeweza kumfikia tangu mwaka jana.