Suti ya Mwalimu wa Kiingereza

Profesa alikuwa hajawahi kufundisha hata kuku kuingia bandani. Lakini siku alipopita mbele ya duka la fundi cherehani na kusikia watu wazima wakibishania tofauti ya lose na loose, alisimama, akanyoosha tai, akanusa riziki.

"Ndugu zangu," alisema, "Kiingereza kina maneno mapacha, na mapacha hao wamewanyima watu wengi kazi. Nitawafundisha bure."

Neno bure lina nguvu zake. Kesho yake jioni mafundi wa mtaa mzima walibanana mle dukani. Profesa alikuwa na suti moja ya kijivu, na suti hiyo ndiyo iliyokuwa na shahada. Alipoulizwa kuhusu affect na effect alifumba macho, akasema, "Swali zito. Nani atamsaidia mwenzake?" Walibishana mpaka kipindi kikaisha, kisha wakamshukuru.

Halafu likaja zoezi la hadithi fupi. "Andika kitu unachokipenda kuliko vyote. Kiko wapi? Saa ngapi nyumbani hakuna mtu? Msomaji anataka vitu vya kushikika!"

Fundi viatu, mzee mpole, aliandika juu ya redio aliyoachiwa na marehemu baba yake, iliyokaa kabatini karibu na dirisha lisilo na komeo. Akapata alama za juu. Wiki hiyohiyo redio ikayeyuka.

Mzee wa watu alilia darasani bila haya. Profesa akampa leso. "Andika huo uchungu, baba."

Fundi cherehani, mama mwenye pini mdomoni na macho ya kupimia watu, aliitazama leso, akamtazama mwenye leso. Habari za dirisha lile alikuwa amezisoma mtu mmoja tu.

"Mwalimu," aliuliza, "hadithi lazima iwe ya kweli?"

"Si lazima, mama. Iaminike tu."

Basi akaandika: mashine mpya ya kudarizi, bado imo kwenye kreti ya mbao, stoo nyuma ya duka, ufunguo chini ya ndoo nyekundu, Jumamosi mchana mwenyewe huwa kwa dada yake. Profesa aliisoma mara mbili, akaandika chini: bora kabisa. Akamwachia na suti aitie bitana mpya, maana suti na mkokoteni haviendi pamoja.

Jumamosi ndoo ilikuwa nyekundu, ufunguo ulikuwa chini yake, na kreti ilikuwa nzito kupita alivyoota. Tumpe haki yake: siku hiyo alifanya kazi. Alisukuma mkokoteni kilima kizima, fulana imeloa, huku akiutumia utajiri kichwani. Nyumbani alikuta kufuli la chumba chake limevunjwa, lakini mtu mwenye kreti hana muda wa kufuli. Aling'oa misumari.

Ndani ya kreti mlikuwa na vifusi vya choo cha nyuma ya duka kilichobomolewa, ambavyo mwenye nyumba alikuwa akimgombeza fundi cherehani kila siku avitoe, naye hakuwa na wa kuvibeba. Profesa alipiga magoti kuchungulia chini ya kitanda. Redio haikuwepo.

Jumatatu jioni alikwenda kudai suti. Darasa lilijaa, redio ikiimba taratibu juu ya meza ya kukatia. Mbele alisimama fundi viatu, ndani ya suti ya kijivu, mikono imekwisha kupunguzwa.

"Hiyo suti ni yangu!"

"Uliileta lini?" fundi cherehani akauliza. "Au twende kituoni ukaeleze? Ukifika usisahau ya redio, na ya kreti."

Profesa akageukia mlango.

"Kaa hapo nyuma, mwanangu," alisema fundi viatu. "Leo tunaandika kitu tulichokipoteza."

Akakaa. Akaandika juu ya mfuko wa ndani uliotoboka, kifungo kimoja kisichofanana na wenzake, na jinsi watu walivyokuwa wakimpisha njiani. Hakukuwa na neno la uongo hata moja, jambo lililomshangaza mwenyewe, na machozi yakamlengalenga.

Fundi cherehani alisoma polepole hadi mwisho. Akatoa pini mdomoni.

"Nzuri," alisema. "Ila haiaminiki."