Kambare Asiyezidi Kiganja

Jumapili, 6 Oktoba
Nimenunua kambare mkia-mwekundu. Kadogo, kama kidole! Sasa jirani yangu Sanan akome kunitambia na samaki wake wa magamba ya fedha. Muuzaji ameapa hazidi kiganja. Eti samaki hukua kulingana na tangi.

Mke wangu Duangjai ameuliza kama Thongyot atakuwa salama. Huyo ni samaki wa dhahabu aliyeachiwa na marehemu baba yake. Humwamkia kila asubuhi kabla hajanisalimia mimi! Nimemwambia aondoe shaka.

Alhamisi, 19 Desemba
Kiganja kimepitwa zamani. Sasa ni kama ndala yangu. Sanan kachungulia, akacheka: "Kaka, huyo mwakani utamwachia nyumba wewe!" Wivu tu. Nimempunguzia kambare chakula ili adumae. Akili ni mali.

Ijumaa, 11 Aprili
Thongyot hayupo. Kambare katuna tumbo, katulia. Nimemwambia Duangjai kajificha nyuma ya jiwe. Akapiga magoti mbele ya kioo, akawa anamwita. Nilitamani ardhi inimeze.

Jumapili, 13 Aprili
Sikukuu ya mwaka mpya wetu wa jadi. Duangjai anayamwagia maji ya maua majivu ya baba yake. Mimi nimetoroka na ndoo hadi hekaluni, nimwachie kambare mtoni kama wanavyofanya wengine kujipatia thawabu, zangu zote zimwendee Thongyot. Mpango safi!

Mtawa akachungulia ndoo, kisha akatazama samaki wadogo chini ya gati, wote walioachiwa na majirani. "Ukimmwaga huyu hapa, mwanangu, atakula thawabu za mtaa mzima." Watu wakaangua kicheko. Nikarudi na ndoo yangu, njia nzima wakinimwagia maji ya sikukuu.

Duangjai alikuwa mlangoni. Akaiona ndoo, akaelewa. Hakufoka. Alisema tu kwamba baba yake alimlisha Thongyot kwa mkono wake mpaka wiki aliyofariki. Afadhali angenipiga. Najuta, najuta kweli.

Jumatano, 16 Aprili
Duangjai hasemi nami. Asubuhi bado anasimama mbele ya tangi. Siwezi kuvumilia. Nimerudi kwa muuzaji yule yule, nikamnunulia samaki wa dhahabu mwingine, ana doa kichwani kama la Thongyot. Nimemtia tangini, amkute kesho akiamka. Kambare nimemlisha dagaa kwanza mpaka akasusa. Muuzaji ameapa: akishiba, hamgusi mtu.